Talaka Ndani ya Tairi

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na kwa niaba ya mshale mwekundu wa gari ya Mudrik ambao hauna mdomo wa kujitetea, natangaza rasmi kwa wananchi wote wa Unguja, wa mjini na wa mashamba, ya kwamba kuanzia leo hamsini si hamsini tena. Wenye magari wasikie. Wenye baiskeli wawaambie wenye magari.

Tangazo hili lilistahili kupigiwa tarumbeta. Tarumbeta hatuna. Tuna honi ya Mudrik, nayo ilikufa tangu Ramadhani. Basi tuendelee hivyo hivyo.

Wiki iliyopita tulimwacha Mudrik kando ya barabara ya Mahonda, mikono juu ya usukani, askari wa barabarani amemsogezea dirishani ile tochi yao ya kupimia mwendo ili aisome mwenyewe. Aliisoma. Akaisoma tena, kama mtu anayetumaini kuwa tarakimu zitamwonea haya na kubadilika.

"Hamsini na tano," alisema askari, kwa upole wa mtu asiyejua kwamba anavunja nyumba.

Kwa msomaji aliyelala wiki zote hizi, nimwamshe kwa maneno machache. Mudrik ni mtoto wa Tumbatu, dereva wa kuwapeleka wageni kwenye mahoteli ya Matemwe, mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. Mkewe ni Hind, mwalimu wa hisabati, binti wa Mzee Ghanim wa Malindi, mtu wa ukoo uliomiliki mashamba zamani na ambao siku hizi unamiliki hadithi za mashamba.

Mara mbili mdomo wa Mudrik ulimtoa Hind nyumbani. Talaka ya kwanza ilitoka kwa sababu ya mchuzi wa pweza uliopoa. Ya pili ilitoka wakati wa mpira, nayo haikuwa na sababu yoyote ila goli la dakika za mwisho. Mara zote mbili alimrejea kabla ya eda kwisha, kwa machozi. Imebaki ya tatu, na ya tatu, kama ajuavyo kila mtoto wa chuoni, haina kurejeana. Mpaka mke aolewe na mwanamume mwengine kwanza, akae naye, aachwe.

Halafu, siku ya pili ya Idi, Mudrik alimpeleka mkwewe kwa jamaa kwa mwendo uliomvua mzee kofia ikatokea dirishani na kuingia kwenye migomba ya watu. Mzee Ghanim alishuka kichwa wazi na kusema ndoa hii basi. Mudrik, kwa kutaka kumtuliza, aliapa mbele ya kila aliyekuwapo: siku nitakayoendesha zaidi ya hamsini, Hind ameachika.

Hayo ndiyo aliyoyakumbuka Mudrik alipoiona ile tochi. Na nyuma yake, kwenye kiti cha abiria, ameketi Mzee Ghanim mwenyewe, kofia mpya kichwani.

"Mshale ulikuwa hamsini," Mudrik alimwambia askari. "Nlikuwa nnautazama. Haukupita hata unywele."

Hakusema uongo. Mshale ulikuwa hamsini. Kioo cha ile saa ya gari, ya kuonyesha mwendo, kina kipande kidogo cha utepe mweusi kilichobandikwa kuziba ufa, kama nilivyokwisha kuwaeleza huko nyuma, lakini ufa haumzuii mtu kuuona mshale.

Askari alimjibu kuwa mishale ya madereva wote wa Unguja huwa hamsini akishawasimamisha. Akamwandikia kosa lake, akaenda kuisubiri gari nyengine.

Mudrik aliomba moyoni mzee awe amesinzia.

"Hind," alisema Mzee Ghanim. "Shuka."

Hind, aliyekuwa mbele pembeni ya mumewe, hakusogea. "Hapa Mahonda, baba. Nishuke niende wapi?"

"Uje nyuma, nami nikae mbele. Huyu si mumeo mpaka Sheikh Qais aseme vyengine."

Walibadilishana viti. Hind alipokaa nyuma alilivuta buibui hadi puani, kama afanyavyo mbele ya mwanamume asiyemhusu. Mudrik alimwona kwenye kioo cha juu. Macho yale yale aliyoamka nayo asubuhi, yaliyomuuliza kama ameiona chaja ya simu, sasa yalikuwa yanatazama migomba.

"Na hicho kioo usikitazame," alisema mzee. "Tazama njia."

Mudrik akakigeuza kioo kikatazama dari. Wakageuza na gari. Walikuwa wamealikwa posa huko Matemwe, biriani inawasubiri, na sasa wanarudi mjini bila ya mtu yeyote kuona kinachokuja nyuma yao.

Alikwenda polepole, akapitwa na baiskeli. Akapitwa na baiskeli nyengine iliyobeba kuni. Kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu: nyumba ya Kikwajuni, vyumba viwili, na ndani yake hamna mtu wa kumwambia kuwa fulana aliyovaa iko ndani nje.

Alijaribu tumaini lake la kwanza. Tochi ile mbovu, alisema. Inawezekana imepata maji. Mzee Ghanim alimuuliza kama maji hayo yamezidisha tano kamili au yamekisia tu.

Ndipo Hind aliposema kutoka nyuma. "Baba, mwambie huyo bwana aende arubaini, asipunguze wala asizidishe."

"Mwanangu anasema uende arubaini."

"Nshasikia."

"Usimjibu yeye. Nijibu mimi."

Hind alikuwa ameshika simu yake, ile ramani ya kuonyesha njia iko wazi, na chini ya ramani simu inaandika mwendo wa gari. Alimtaka baba yake aulize mshale unasema ngapi. Mshale ulisema arubaini.

"Simu inasema arubaini na nne," alisema Hind.

Tumaini la kwanza likafa hapo, likazikwa kando ya barabara. Tochi ilikuwa nzima.

Lakini huko nyuma kulikuwa na mwalimu wa hisabati, na mwalimu wa hisabati hawezi kupewa arubaini na arubaini na nne akanyamaza. Hind alihesabu kwa midomo. Kisha akasahau kuwa anazungumza na mtu baki.

"Mudrik, tairi hizi ulizitia lini?"

Mzee Ghanim akakohoa. Mudrik alimjibu mzee, kwa adabu kubwa, kwamba amwambie bintiye kuwa alizitia baada ya Idi, kwa Mmanga, fundi tairi wa Amani, kwa sababu mawe ya njia ya kuingilia hotelini yalikuwa yanapiga tumbo la gari. Ni tairi zilizotoka kwenye gari kubwa ya watu. Tangu zitiwe, gari yake imeinuka kama mbuzi anayenyanyuka kula majani ya juu.

"Kubwa kuliko za mwanzo?"

"Kubwa, na nene."

Hind alicheka. Kicheko kifupi, ndani ya buibui, lakini Mudrik alikisikia na nusura akifuate kwa shingo.

"Twende kwa Sheikh," alisema Hind. "Nnajua la kumwambia."

Sheikh Qais anakaa Malindi, ghorofa ya kwanza, ngazi nyembamba inayomlazimisha mgeni aingie kwa bega. Amesoma chuo kimoja na Mzee Ghanim. Ana desturi ya kufumba macho anapomsikiliza mtu, na wengi wamewahi kuwafunga midomo jamaa zao wakidhani sheikh amelala. Halali. Waliingia kwake baada ya sala ya alasiri, wakapewa kahawa na tende kwenye sinia, na Mzee Ghanim akaeleza kisa chote kuanzia kofia.

Alipomaliza, Hind aliomba ruhusa, akaondoa vikombe, akalichukua sinia.

Alitoa wanja kwenye mkoba, akatia alama moja kwenye ukingo wa sinia na nyengine kwenye ukingo wa kisahani cha tende. Akavisimamisha vyote viwili mwanzo wa mkeka, alama chini, akaviviringisha hadi kila alama ikarudi chini mara moja. Kisahani kilisimama karibu na mlango. Sinia lilifika kwenye goti la Sheikh Qais.

"Vyote vimezunguka mara moja tu," alisema. "Saa ya gari, Sheikh, haina macho, haioni barabara. Inahesabu mizunguko ya tairi basi, na inaamini tairi ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ukitia kubwa, kila mzunguko gari inakwenda mbali zaidi, na saa haina habari. Inakwambia hamsini, nawe uko hamsini na tano."

Sheikh alifumbua jicho moja, akalitazama sinia. "Na tairi ikiwa ndogo?"

"Itakwambia hamsini nawe hujafika."

"Basi angetia ndogo."

"Angetia ndogo, saa hizi tungekuwa Matemwe tunanawa mikono."

Mudrik alimtazama mkewe kwa shukrani, akisahau kuwa amekatazwa. Ilimchukua muda kidogo kuona kwamba Mzee Ghanim anatabasamu.

"Umesikia, Sheikh," alisema mzee. "Kwa kinywa cha mke mwenyewe. Saa ilidanganya, gari ilizidi. Aliapa hatazidi. Kuna la kuongeza?"

Hapo Mudrik akaelewa. Mkewe amekuja kumtetea, na utetezi wake umethibitisha kosa kwa sinia na wanja. Hind naye aliona. Mkono uliokuwa umeshika wanja ukashuka.

Sheikh Qais akarudi gizani kwake, macho yote mawili yamefumbwa.

"Alizidi," alisema hatimaye. "Lakini alijua?"

Akalisogeza sinia mbali na goti lake.

"Mtu akiifungamanisha talaka na kitendo chake mwenyewe, kisha akakitenda naye hajui kama anakitenda, talaka haipiti. Sio huruma yangu mimi. Ndivyo tulivyosoma, na Ghanim alikuwapo darasani siku hiyo, ingawa alikuwa anatazama nje." Akageuza uso upande wa Mudrik. "Ikiwa hukujua kama saa yako inapunguza, mkeo ni mkeo. Ikiwa ulijua, imekwisha. Hapana njia ya tatu."

Mudrik alisema, kwa sauti iliyotoka kama ya mtu mwengine, kwamba hakujua.

Mzee Ghanim hakuwa mtu wa kushindwa kwa neno moja. Alitaka aletwe shahidi. Fundi aliyetia tairi hizo, alisema, lazima alimwambia kitu. Hakuna fundi Unguja hii anayeweza kufanya kazi kimya. Akaomba nambari, akapiga simu mwenyewe.

Mmanga alifika na pikipiki, mikono myeusi hadi viwikoni, akavua viatu mlangoni na akakataa kukaa juu ya mkeka asije akauchafua. Alitoa shikamoo kwa wazee, akaitikiwa marahaba. Kisha akaulizwa, mbele ya wote: siku ile ulimwambia Mudrik kwamba tairi hizi zitapunguza mshale?

Mmanga alimtazama Mudrik. Wamekua pamoja, hawa. Wameogelea pamoja Tumbatu, wakachapwa pamoja kwa kuogelea.

"Sikumwambia kitu, Sheikh," alisema. "Mie nnafunga nati. Ndoa sifungi wala sifungui."

Mzee Ghanim akaegemea ukuta. Mudrik alivuta pumzi ambayo alikuwa hajaivuta tangu Mahonda. Sheikh Qais alisema limebaki jambo dogo: mume akatawadhe, aje aweke mkono juu ya Msahafu, aseme hakujua. Aende nyumbani na mkewe. Na huo mdomo aufunge utepe.

Wote wakacheka, hata mzee kidogo. Mudrik akenda msalani.

Alipokuwa anatawadha alisikia sauti zao kupitia mlangoni. Mzee Ghanim alikuwa anajaribu mara ya mwisho. Vipi, alikuwa akiuliza, mtu anayekwenda Matemwe na kurudi kila siku aone anafika mapema kuliko alivyozoea, asijiulize hata mara moja? Hautazami huo mshale?

Na alimsikia Hind akimtetea. "Baba, hata kuuona huo mshale ni taabu. Kile kioo kina ufa, amebandika utepe, na utepe wenyewe uko pale pale mshale unapopita, baina ya arubaini na hamsini, pale kwenye arubaini na…"

Akanyamaza.

Mudrik alisimama na maji yanamchuruzika viwikoni. Alimjua Hind. Hind hakati sentensi katikati. Hind akikata sentensi katikati, ujue kuna hesabu imejitokeza mahali ambapo hakuiita. Arubaini na tano na chembe. Ongeza sehemu moja ya kumi, upate hamsini.

Alirudi ukumbini mikono mibichi. Wazee hawakuwa wameona kitu; Mzee Ghanim anapiga miayo, Sheikh amefumba macho. Mmanga anatazama vidole vyake vya miguu. Hind alikuwa anamtazama yeye moja kwa moja, buibui limeteremka usoni, na hakulipandisha.

Angeweza kusema na hakusema. Hilo ndilo lililomuua Mudrik. Angepiga kelele, angejua la kufanya. Amezoea kelele, ana majibu yake. Lakini Hind alimwachia. Weka mkono, macho yale yalisema, sema hukujua, twende zetu Kikwajuni. Nitakupikia. Nitalala upande wangu. Na kila siku ya maisha yetu nitajua mimi, na utajua wewe, kama mimi ni nani kwako.

Msahafu uliletwa juu ya mto wa kijani. Mudrik alipiga magoti. Alinyoosha mkono wa kulia, ukasimama hewani, na hata Mzee Ghanim aliacha kupiga miayo.

"Sema," alisema Sheikh.

Mudrik aliurudisha mkono, akauweka pajani.

"Hakuna ufa," alisema.

Mzee hakumwelewa. "Ufa gani?"

"Kwenye kioo cha saa. Hakuna ufa, Sheikh. Kioo kizima."

Sheikh Qais alifumbua macho yote mawili, jambo ambalo halijatokea tangu hadithi hii ianze kuchapwa. Lakini hakumtazama Mudrik. Mtu anayesikiliza kwa macho yaliyofumbwa husikia na sentensi zinapokatika.

"Hind, mwanangu," alisema. "Wewe umejua tangu lini?"

Sasa, wasomaji, mnanitazama mimi. Nawaona. Mnarudisha macho juu, mnatafuta pale Mahonda, mnasoma kwa kidole: utepe mweusi uliobandikwa kuziba ufa, kama nilivyokwisha kuwaeleza. Nilikwisha kuwaeleza, naam. Wiki mbili mfululizo nimeuandika ufa huo, na leo nimeuandika tena kwa uso mkavu, mbele ya wake na waume.

Mmenikamata.

Kioo kizima. Siku Mmanga alipokaza nati ya mwisho, alikata kipande cha utepe, akakibandika juu ya arubaini na tano na chembe, akasema, yakhe, mshale ukifika hapa wewe ushafika hamsini, usipite. Na Mudrik hakushtuka, wala hakuuliza. Alicheka hadi akashika tumbo. Tangu aape, wenzake walikuwa wanampita njiani, wageni wao wanampungia mkono, na hoteli imeanza kumwita mwisho. Mawe ya njia yapo, sikuwadanganya kwa mawe. Lakini hakwenda Amani kwa ajili ya mawe. Alikwenda kutafuta tairi zitakazomruhusu kukimbia huku mshale umekaa hamsini kama muumini, na mkewe yuko nyumbani. Alidhani kiapo chake ni cha mshale, si cha mwendo.

Nilijua tangu mwanzo. Nilibandika ufa juu ya jambo hilo kwa sababu nilitaka mumpende kwanza, na mlishaanza kumpenda, msikatae.

Hind amefungua mdomo kumjibu Sheikh. Mzee Ghanim ameshika bakora. Mmanga ameshaanza kutafuta viatu vyake. Sijui atasema nini Hind, na safari hii sina utepe.